HDMI mbili, vifaa vinne: kipi kikae kwenye dijitali na kipi kwenye analojia?

mtazamaji32

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada wa kupanga nyaya kabla sijanunua chochote.

TV ni ya LCD, inchi 32, na kitabu chake kinasema kioo kina pikseli 1366×768. Nyuma kuna HDMI mbili, VGA moja, na safu ya matundu matano: kijani, bluu, nyekundu, halafu nyeupe na nyekundu nyingine. Tundu la kijani limezungushiwa duara la njano na limeandikwa "Video/Y".

Vifaa ni hivi: king'amuzi cha HD (HDMI na AV), deki ya DVD (HDMI, komponenti na AV), PlayStation 2, na laptopu yenye HDMI na VGA.

Kila ninayemuuliza ananijibu kwamba dijitali ni bora siku zote, basi. Lakini HDMI ziko mbili tu. Kipi kipewe HDMI na kipi kikae kwenye analojia bila kuumiza picha? Je, ninunue swichi ya HDMI? Na nyaya za HDMI za bei ya juu zinaongeza chochote kwenye picha?

FundiMawimbi

Karibu mkuu. Umeeleza vizuri, kwa hiyo jibu linaweza kuwa kamili.

Anza na jambo hili: hesabu picha inageuzwa mara ngapi kutoka inakotoka hadi kwenye kioo. Kioo cha LCD kinafanya kazi kwa namba, kila pikseli na namba zake. King'amuzi kinapokea namba kutoka kwenye antena au dishi, na deki inasoma namba kwenye diski. Kwa HDMI namba zinabaki namba hadi mwisho. Kwa AV, king'amuzi kinazigeuza kuwa volti, kisha TV inazipima volti hizo na kuzirudisha kuwa namba. Hapo kuna migeuzo miwili isiyo na sababu, na kila mmoja unapunguza kitu. Ndiyo maana chenye HDMI na chanzo cha dijitali kikipata HDMI ni vizuri.

Ila "analojia" si kitu kimoja, na hapa ndipo ushauri wa mtaani unapopotosha watu. Waya wa njano wa AV, yaani kompoziti, unabeba mwanga na rangi kwa pamoja ndani ya waya mmoja. Rangi imepandishwa kwenye masafa ya 4.43 MHz kwa PAL au 3.58 MHz kwa NTSC (hiyo ni mifumo ya rangi ya TV), katikati ya maelezo madogo madogo ya mwanga. TV inalazimika kuvitenganisha upya na haiwezi kufanya hivyo kikamilifu. Ukitaka kuliona kosa lenyewe, weka chaneli yenye maandishi mekundu yanayopita chini ya taarifa ya habari, kisha sogea karibu na kioo. Kwenye ukingo wa kila herufi utaona vidoti vidogo vinatambaa kwenda juu au chini kama siafu. Mtangazaji akivaa shati la mistari myembamba, shati linatoa rangi za upinde wa mvua ambazo hazipo. Hakuna waya wa njano wa bei yoyote utakaoondoa hilo, kwa sababu uharibifu umefanyika kabla picha haijaingia kwenye waya. Tena kompoziti haivuki 576i au 480i (namba ni mistari ya picha; "i" ni picha inayokuja nusu nusu kwa zamu, "p" ni picha nzima kwa mara moja). King'amuzi chako cha HD kikiwa kwenye njano, HD yote inabaki ndani ya king'amuzi.

Komponenti ni habari nyingine kabisa. Waya wa kijani, yaani Y, unabeba mwanga pamoja na mapigo ya kusawazisha picha. Bluu ni Pb, tofauti kati ya bluu na mwanga. Nyekundu ni Pr, tofauti kati ya nyekundu na mwanga. Rangi haijachanganywa na mwanga, kwa hiyo hakuna vidoti wala upinde wa mvua. Njia hii inabeba 720p na 1080i bila shida. Kwa kioo cha inchi 32 ukiwa umekaa kwenye kochi, pengo kati ya njano na komponenti ni kubwa mno kuliko pengo kati ya komponenti na HDMI. Hilo nalisisitiza kwa sababu watu wanapigania HDMI huku kifaa cha pili wamekiacha kwenye njano.

Kwa vifaa vyako ningepanga hivi:

King'amuzi, HDMI 1. Ndicho kinachotazamwa saa nyingi na ndicho chenye HD ya kweli.

PS2, komponenti. Haina toleo la dijitali la picha kabisa, kwa hiyo hapa huchagui kati ya dijitali na analojia, unachagua analojia iliyo bora. Nunua waya wa komponenti wa PS2 wenye vichwa vitano.

Deki ya DVD, HDMI 2. Hata ingekuwa kwenye komponenti isingekosa kitu kikubwa: DVD imehifadhiwa kwa 576i au 480i, na diski zenye ulinzi haziruhusiwi kutoka kwa zaidi ya 576p au 480p kupitia komponenti. Lakini seti ya komponenti ni moja na PS2 inaihitaji zaidi.

Laptopu, VGA, ambayo nayo ni analojia. Najua inasikika vibaya, ila kwa kioo cha 1366×768 ina sababu yake. Namwachia Pikseli aeleze.

Swichi ya HDMI huihitaji kwa mpangilio huu. Ukiongeza kifaa baadaye, hakikisha unanunua swichi, yaani inayopokea vifaa kadhaa na kutoa kwenye TV moja. Kigawanyaji kinachochukua kifaa kimoja na kukipeleka kwenye TV mbili ni kitu tofauti, na vyote viwili hufanana kwa umbo. Soma maandishi kwenye matundu: swichi ina IN nyingi na OUT moja.

waya_mfupi

Nijibu la nyaya za HDMI.

Picha ya 1080p kwa 60 Hz inapita kwenye HDMI kwa takriban gigabiti 4.46 kwa sekunde. Waya wowote halisi wenye jina la High Speed umepimwa kwa zaidi ya mara mbili ya hapo, yaani 10.2. Kwa mita 2 hadi 3 waya wa kawaida uliotengenezwa vizuri na waya wa gharama kubwa vinatoa picha ile ile, namba kwa namba. Waya hauwezi kuongeza weusi, ung'avu wala rangi. Namba ama zimefika ama hazikufika.

Zisipofika vizuri utajua bila kuambiwa. Kwanza hutokea chenga nyeupe zinazometameta hapa na pale, hasa sehemu zenye giza. Zikizidi, picha inakatika sekunde moja au mbili na kurudi. Zikizidi tena, kioo kinabaki cheusi na TV inasema hakuna mawimbi. Analojia haiharibiki hivyo: picha hufifia pole pole, inapata vivuli pembeni ya vitu, inapoteza makali. Kwa hiyo mtu akikuambia picha ya HDMI "imefifia kidogo" kwa sababu ya waya, mwambie akaangalie mipangilio ya TV.

Umakini kwenye waya unahitajika kwenye 4K. 4K kwa 60 Hz inahitaji karibu gigabiti 18 kwa sekunde, hapo tafuta waya wenye alama ya Premium High Speed. Wa gigabiti 48 ni Ultra High Speed, kwa ajili ya HDMI 2.1. Ukihitaji mita 10 na kuendelea kwa kasi hizo, chukua waya wa nyuzi za mwanga, na uangalie mwelekeo: una kichwa cha chanzo na kichwa cha TV, ukiugeuza haufanyi kazi.

Waya wa komponenti na wa njano ndio unaostahili uangalifu zaidi kwa umbali mfupi. Uwe wa koaksi wa ohm 75, wenye wavu wa kinga. Ule mwembamba wa sauti unaonekana sawa kwa nje na utatoa picha, lakini kwa mita kadhaa utaona vivuli kulia kwa kila ukingo mkali.

Pikseli

Suala la 1366×768 linahitaji maelezo kwa sababu watu hulaumu kompyuta bure.

TV nyingi za aina hii zinapokea 720p, 1080i na wakati mwingine 1080p kwenye HDMI. Hakuna hata moja kati ya hizo inayolingana na kioo. 720p ni 1280×720, inabidi ivutwe. 1080p ni 1920×1080, inabidi ibanwe. Kwa filamu hutaona tatizo. Kwa maandishi ya laptopu utaliona mara moja, kwa sababu mguu wa herufi wenye upana wa pikseli moja unalazimika kugawana pikseli mbili za kioo, na herufi zinakuwa na ukungu. Juu ya hapo TV nyingi hukata kingo za picha ya HDMI asilimia chache kila upande, tabia iliyorithiwa kutoka TV za chogo, kwa hiyo upau wa chini wa kompyuta unatoweka nusu.

Kwenye VGA TV hizo hizo mara nyingi hukubali 1360×768. Pikseli moja ya kompyuta, pikseli moja ya kioo, na nguzo tatu nyeusi za pikseli kila upande ambazo hata hutaziona. Hapo analojia inaishinda dijitali kwa maandishi.

Kabla ya kukubali ushauri wangu fungua jedwali la resolusheni kwenye kitabu cha TV, sehemu ya PC. Kama 1360×768 au 1366×768 imeandikwa chini ya HDMI pia, tumia HDMI na uachane na VGA.

Kumbuka VGA haina sauti. Tafuta tundu la 3.5 mm lililoandikwa "PC Audio" au "PC/DVI Audio", upitishe waya wa sauti kutoka tundu la spika za masikioni. Komponenti nayo haina sauti, ndiyo maana kuna nyeupe na nyekundu ya ziada.

mtazamaji32

Asanteni sana wakuu. Nimechomeka vyote. King'amuzi na deki vimekaa sawa. Yamebaki mawili:

PS2 kwa waya wa komponenti inatoa picha safi lakini nyeusi na nyeupe tupu. Sauti ipo.

Laptopu kwa VGA nimeipata 1360×768, lakini kuna mistari mitatu minne ya wima ambapo maandishi yana ukungu, kwingine yako safi kabisa. HDMI sikuijaribu tena kwa sababu ilikuwa inakata kingo kweli.

FundiMawimbi

Nyeusi na nyeupe kwenye tundu la pamoja la Video/Y sababu ya kwanza ni jina la chanzo ulichochagua kwa rimoti. Y peke yake ni picha kamili isiyo na rangi, na mapigo ya kusawazisha yamo ndani yake. TV ikiwa kwenye "AV" inasoma tundu la kijani kama kompoziti, inatafuta rangi kwenye 4.43 MHz, haioni, na inakuonyesha picha isiyo na rangi. Bonyeza SOURCE uchague "Component". TV nyingine hutambua zenyewe kwa kuangalia kama tundu la bluu lina waya, basi hakikisha bluu imeingia hadi mwisho.

Kama tayari uko kwenye Component, endelea hivi. Chomoa bluu na nyekundu ya picha. Picha isipobadilika hata kidogo, basi Pb na Pr hazifiki: angalia plagi upande wa PS2, ile bapa, mara nyingi haijakaa hadi mwisho. Picha ikibadilika, tatizo ni mpangilio.

Na ujue kusoma rangi mbovu, kwa sababu zinakuambia kosa liko wapi:

Nyuso za watu zinaelekea umanjano wa kijani na wekundu umepotea, huku spika moja inanguruma: vichwa viwili vyekundu vimebadilishana, cha sauti kimeingia kwenye Pr. Tenganisha nyaya, utaona picha ni tatu zilizoshikana na sauti ni mbili zilizoshikana.

Rangi zimegeuka, anga ya bluu inaonekana nyekundu: bluu na nyekundu ya picha zimebadilishana.

Picha yote ina zambarau: PS2 inatoa RGB (nyekundu, kijani na bluu kila moja kwa waya wake) badala ya komponenti. Ingia kwenye System Configuration, Component Video Out, uchague Y Cb/Pb Cr/Pr. Ni rahisi kufanya hivi kwanza ukiwa bado kwenye waya wa njano, kisha ubadilishe waya.

Mengine ya PS2 utakayokutana nayo. Michezo mingi inatoka 480i au 576i, kwa hiyo TV inashona nusu mbili za picha kabla ya kuonyesha, na hilo huifanya picha ichelewe kidogo kuufuata mkono. Washa hali ya "Game" kwenye menyu ya picha ya chanzo hicho. Baadhi ya michezo inakubali 480p ukishikilia pembetatu na X wakati unaanza, na hapo kazi ya kushona inaisha na ucheleweshaji hupungua. Ukiweka diski ya PlayStation ya kwanza na kioo kikawa cheusi, usidhani imeharibika: michezo hiyo mingi inatoka 240p na baadhi ya TV haziitambui kwenye komponenti. Kwa diski hizo rudi kwenye njano.

Faida moja zaidi ya komponenti ambayo haisemwi sana: haina PAL wala NTSC ya rangi. Mchezo wa 60 Hz unaopoteza rangi kwenye waya wa njano, kwa sababu TV haijui NTSC, unapata rangi zake kamili hapa.

Pikseli

Mistari ya wima yenye ukungu ni saa ya TV, yaani mdundo wake wa kupima pikseli, kutolingana na ya kadi ya picha. VGA haimwambii mpokeaji pikseli inaanzia wapi, TV inakisia. Ikikosea idadi ya pikseli kwa mstari hata kwa chache, kuna sehemu inapima katikati ya pikseli na sehemu inapima kwenye mpaka, ndiyo hiyo mistari yako. Idadi ya mistari ya ukungu ni idadi ya pikseli ulizokosea.

Fungua dirisha jeupe lenye maandishi madogo lijaze kioo chote. Usifanye hivi ukiwa na picha ya mezani nyeusi, kwa sababu TV hutafuta kingo za picha na kwenye weusi haizioni. Kisha menyu ya PC, "Auto Adjust". Mistari ikibaki, ingia "Clock" au "Frequency", sogeza hatua moja moja upande mmoja. Mistari ikiongezeka rudi upande wa pili hadi iishe yote. Baada ya hapo ndipo ugeukie "Phase": hii inarekebisha ukungu au mtetemo ulioenea kioo kizima. Ukianza na Phase kabla ya Clock utazunguka bila mwisho.

HDMI ukitaka kuijaribu tena siku moja, kingo zinarudishwa kwenye ukubwa wa picha: "Just Scan", "Screen Fit", "Full Pixel" au "1:1", jina hutegemea mtengenezaji. Baadhi ya TV hukataa kuionyesha mpaka chanzo kipewe jina la "PC" au "DVI PC". Kwenye TV za 4K jina la PC lina kazi nyingine pia: TV nyingi huacha kupunguza maelezo ya rangi, na maandishi mekundu juu ya bluu yanasomeka.

Weusi ukionekana wa kijivu, au sehemu za giza zikiwa zimezama zote, ni upana wa namba za RGB haulingani. Video hutumia 16 hadi 235, kompyuta hutumia 0 hadi 255. Pande zote mbili ziweke sawa, "Limited" na "Limited" au "Full" na "Full". Hapa ndipo watu wengi wanaposema analojia ina weusi mzuri kuliko HDMI, kumbe ni mpangilio huu mmoja.

waya_mfupi

Kwa king'amuzi usiache mambo mawili yakupite. Kama chaneli zinarushwa kwa 50 Hz, chagua 1080i au 720p ya 50 Hz, usichague 60. Ukilazimisha 60, kila sekunde inabidi zijazwe picha kumi ambazo hazipo, na mpira unaovuka uwanja utaonekana unaruka ruka. Na sauti ikikosekana kwenye HDMI huku picha ipo, badilisha sauti ya king'amuzi kutoka "Bitstream" kwenda "PCM".

kioo_kizito

Wakuu naomba nidandie hapa hapa. Mimi niko upande wa pili: TV ya chogo yenye AV tu, na kifaa cha intaneti chenye HDMI tu. Nimeona waya wenye HDMI upande mmoja na vichwa vitatu vya AV upande mwingine, hauna boksi lolote. Utafanya kazi? Na kuna TV nyingine haina hata AV, ina antena peke yake.

FundiMawimbi

Waya mtupu usinunue ndugu. Ndani ya HDMI hakuna pini yenye picha ya kompoziti. Kuna jozi nne zenye mapigo ya dijitali, tatu za picha na sauti na moja ya saa, pamoja na pini za mazungumzo kati ya vifaa. Kuunganisha chuma kwa chuma hakuzalishi analojia. Unahitaji kigeuzi chenye chipu ndani na umeme wa volti 5, kwa kawaida kupitia waya wa USB. Kimeandikwa HDMI2AV. Kile cha AV2HDMI kinafanya kazi ya kinyume na boksi linafanana, kwa hiyo soma maandishi juu yake: HDMI iwe IN, AV iwe OUT.

Umeme wake uchukue kwenye chaja ya simu. HDMI yenyewe ina volti 5 lakini inaahidi milliampia 55 tu, na vigeuzi vingi vinahitaji zaidi. Kikianza kukatika katika au kutoa picha isiyotulia, umeme ndio wa kwanza kushukiwa. Pembeni kuna kidude cha PAL/NTSC. Ukikiweka vibaya utapata picha isiyo na rangi au inayopanda. Kifaa cha intaneti kiweke 720p au 1080p, si "Auto", halafu tarajia picha ya 16:9 iliyobanwa kwa pembeni ikiwa kifaa au kigeuzi hakina chaguo la 4:3. Watu watakuwa warefu na wembamba. Maandishi madogo ya menyu hayatasomeka vizuri na hakuna dawa, hiyo ni kompoziti.

Ile TV ya antena peke yake inahitaji hatua moja zaidi, modyuleta ya AV kwenda RF, yaani mawimbi ya tundu la antena. Unaiwekea chaneli ya UHF ambayo haina kituo, unaitafuta kwa TV. Picha ikija safi na sauti ni mvumo mtupu, mfumo wa sauti haulingani: B/G huweka sauti 5.5 MHz juu ya picha, na I huiweka 6.0 MHz. Modyuleta nyingi zina kiswichi cha kubadilisha.

Kama king'amuzi chako kina tundu la AV la 3.5 mm, waya wake nao una mtego. Plagi ina sehemu nne, na watengenezaji hawakubaliani picha na ethi (ardhi) zikae wapi. Waya wa kamera ukiingizwa kwenye king'amuzi unaweza kutoa mngurumo kwenye spika na kioo cheusi. Jaribu kuingiza kichwa chekundu kwenye tundu la njano: picha ikitokea, ni nafasi tu zimebadilishana na unaweza kuutumia hivyo. Isipotokea kwa rangi yoyote kati ya tatu, ethi iko mahali pasipo pake, tafuta waya wa kifaa hicho.

mtazamaji32

PS2 imepata rangi, ilikuwa chanzo cha "AV" kweli. VGA nayo imesafika baada ya Clock kusogea hatua tatu. Sasa naona ukanda mpana wenye giza hafifu unapanda pole pole kwenye PS2, na kwa mbali kwenye VGA. HDMI haina. Niliongeza pia kiunganishi cha Y kwenye waya wa kijani ili picha iende na TV ya chumbani, je kinahusika?

FundiMawimbi

Kiunganishi cha Y kinahusika na giza la jumla. Kijani kinategemea mzigo mmoja wa ohm 75. Ukiweka TV mbili, mzigo unakuwa ohm 37.5 na volti ya picha inashuka hadi theluthi mbili ya inavyotakiwa. Picha inafifia kwa TV zote mbili, na kwa kuwa hukugawa bluu na nyekundu, rangi sasa zinazidi mwanga. Kiondoe. Ukihitaji TV mbili, tumia kigawanyaji chenye umeme wake, chenye matundu yote matatu.

Ukanda unaopanda ni mzunguko wa ethi. TV na vifaa vimefungwa pamoja kwa njia mbili, ethi ya umeme na wavu wa nyaya, kisha antena au dishi inaleta ethi ya tatu kutoka nje. Mkondo mdogo wa 50 au 60 Hz unapita kwenye wavu wa waya wa picha na kujumlishwa na mwanga. HDMI inasoma tofauti kati ya nyaya mbili za kila jozi, ndiyo maana hauoni kitu huko.

Zima vyote. Chomeka TV, king'amuzi, PS2 na chaja ya laptopu kwenye ekstensheni moja ya ukutani. Washa, tazama. Ukanda ukibaki, chomoa waya wa antena nyuma ya king'amuzi na nyuma ya TV. Ukitoweka, umepata chanzo: kama ni antena ya kawaida, weka kitenganishi cha ethi cha koaksi kati ya antena na kifaa. Kwa dishi usikiweke, kwa sababu kitenganishi kinazuia umeme unaopanda kwenye LNB, kile kichwa cha mbele ya dishi. Huko funga wavu wa waya wa dishi kwenye ethi ile ile ya nyumba. Antena isipokuwa chanzo, ondoa chaja ya laptopu uitumie kwa betri dakika moja. Ukanda wa VGA ukiondoka, badilisha soketi ya chaja au njia ya waya wa sauti wa 3.5 mm, huo nao unafunga mzunguko.

Usikate pini ya ethi ya plagi yoyote. Itaondoa ukanda, na siku kifaa kikipata hitilafu ya ndani umeme utatafuta njia kupitia wavu wa waya au mkono unaogusa tundu la nyuma.